Habari za Martin Kayamba

1. Ukoo wa Kilole

Mtu atokaye Handeni kwenda Korogwe huiacha nchi ya Wazigua, akateremka mpaka bonde la mto Luvu, ambao katika ramani huitwa Pangani. Hapo huuona mji wa Korogwe, na upande wa kaskazini milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Ndani ya mji huo pana mahali paitwapo Kilole. Siku hizi Kilole ni mtaa wa mji. Lakini zamani, kabla reli haijafika Korogwe mwaka 1902, Kilole palikuwa makao ya mtawala mmoja aliyeitwa Mwelekwanyuma. Alikuwa Mkilindi, yaani mtu wa ukoo ule uliotawala Usambara kutoka mji wao mkuu wa Vugha. Mwelekwanyuma ndiye babu yake Martin Kayamba, ambaye habari zake zimeandikwa hapa.

Mwana mmoja wa Mwelekwanyuma aliingia katika shule ya Misioni ya Vyuo Vikuu, ambayo watu wengi waliijua kwa herufi zake UMCA. Akabatizwa, akaitwa Hugh Peter. Kwa kuwa alikuwa hodari wa masomo, walimu wake wakampeleka Uingereza akasome huko. Ilikuwa katika miaka ya 1880. Mtoto wa Kilole akakaa shuleni pamoja na watoto wa Waingereza, akasoma vitabu walivyosoma wao, akashindwa walipomshinda, akawashinda walipopungukiwa. Kisha akarudi Afrika, akawa mwalimu.

Jambo hili la baba yake na likumbukwe, maana ndilo mzizi wa habari yote. Mtoto Mwafrika alionekana kuwa aweza kusoma yale asomayo mtoto wa Kizungu, akipewa nafasi ile ile. Lakini katika nchi yake mwenyewe, kwa muda wa miaka mingi iliyofuata, nafasi ile ile haikutolewa.

2. Kuzaliwa na kusoma

Martin Kayamba alizaliwa mwaka 1891 huko Mbweni, katika kisiwa cha Unguja. Mbweni palikuwa kijiji cha misioni, na wengi waliokaa hapo walikuwa watu waliookolewa katika utumwa, pamoja na watoto wao. Majina yake kamili yalikuwa Hugh Martin Thackeray Kayamba Mdumi. Kabila lake alihesabu kuwa Mbondei, kwa sababu jamaa zake walikaa Bonde, nchi iliyo kati ya milima ya Usambara na bahari ya Tanga.

Alipokuwa angali mdogo, wazazi wake walihamia Mombasa, maana baba yake alipata kazi huko, na mtoto akaanza masomo yake. Baadaye akarudishwa Unguja, akatiwa katika chuo cha Kiungani. Chuo hiki kilikuwa na sifa kubwa pwani yote. Humo walikaa pamoja vijana wa makabila mengi: Wabondei, Wazigua, Wayao, Wamakua, Wanyasa, na wengine ambao hawakujua hata nchi walikozaliwa, kwa kuwa walichukuliwa na wafanya biashara ya watumwa wakiwa wachanga. Lugha yao moja ilikuwa Kiswahili, na juu yake walijifunza Kiingereza, hesabu, historia na jiografia. Walipika, walifagia, walicheza mpira, walifuata kengele. Mtoto wa mtawala na mtoto wa mtumwa walilala chumba kimoja.

Pale Kiungani Kayamba alijifunza mambo mawili yaliyomfaa maisha yake yote. La kwanza ni Kiingereza kizuri, cha kusoma na cha kuandika. La pili ni kwamba akili haiulizi mtu ukoo wake.

3. Kazi, na mshahara wa kazi

Alipotoka shuleni alifanya kazi katika Kenya, akiwa karani na mtunza ghala, akafika hata Uganda. Kazi yake ilikuwa safi, na hesabu zake hazikuwa na makosa. Lakini katika ofisi za siku zile palikuwa na ngazi tatu. Juu walikaa Wazungu, katikati Wahindi, na chini Waafrika. Kila ngazi ilikuwa na mshahara wake, na mtu hakupanda kwa sababu ya kazi yake tu. Mwafrika aliyeandika barua ile ile aliyoandika Mhindi, kwa lugha ile ile na kwa mashine ile ile, alipokea fedha pungufu mwisho wa mwezi.

Wakubwa walipoulizwa sababu, jibu lao la kila siku lilikuwa kwamba Waafrika hawakusoma vya kutosha. Na kweli Waafrika waliosoma walikuwa wachache. Lakini walikuwa wachache kwa sababu shule zao zilikuwa chache, nazo zilikoma mapema. Basi mambo yalizunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta: Mwafrika hapati kazi ya juu kwa kuwa hakusoma, wala hapewi masomo ya juu kwa kuwa hana kazi ya juu ya kuifanya. Kayamba aliuona mzunguko huu akiwa kijana, na kazi yake yote ya baadaye ilikuwa kutafuta mahali pa kuukata.

4. Vita na kifungo

Mwezi Agosti 1914 vita kuu ikatokea Ulaya, ikafika Afrika ya Mashariki mara. Wakati ule Tanganyika ilikuwa nchi ya Wadachi, yaani Wajerumani, na Kayamba alikuwa amevuka mpaka kuja kwa jamaa zake. Wadachi waliwatazama kwa jicho baya Waafrika wote wa Misioni ya Vyuo Vikuu, kwa sababu misioni ile ilikuwa ya Waingereza. Mapadre na walimu Waafrika walikamatwa, wengine wakafungwa minyororo na kutembezwa safari ndefu kwa miguu, wengine wakafa.

Kayamba naye alikamatwa. Kujua Kiingereza, ambako huko Mombasa kulimpatia chakula, hapa kulimtia katika shaka ya upelelezi. Akakaa kifungoni Tabora hata mwezi Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipouingia mji ule na wafungwa wakafunguliwa.

Watu wengi waliopata mateso namna hiyo hurudi kwao, wakakaa kimya. Kayamba hakukaa kimya. Mwaka 1917 alikuwa Tanga, akaingia katika kazi ya Serikali mpya ya Waingereza.

5. Ofisi ya Tanga, na chama cha mwaka 1922

Tanga ulikuwa mji wa kuonea mambo. Wadachi walikuwa wamejenga hapo shule ya Serikali tangu miaka ya 1890, na vijana waliotoka humo walikuwa makarani, walimu na maakida, wengi wao Waislamu. Kwa upande mwingine walikuwako vijana wa misioni kutoka Magila, Korogwe na Kiungani, ambao walikuwa Wakristo. Makundi haya mawili yalikuwa na kalamu moja na mshahara mmoja mdogo, lakini hayakuwa na baraza moja.

Mwaka 1922 Kayamba na wenzake walianzisha Tanga chama cha Waafrika waliokuwa katika kazi ya Serikali katika nchi ya Tanganyika. Mlango wake ulikuwa wazi kwa Mwislamu na kwa Mkristo, kwa mtu wa pwani na kwa mtu wa bara. Walikuwa na mahali pa kukutania, walisoma magazeti, walicheza mpira, nao walisaidiana katika masomo. Mtu aliyekwisha kazi yake ya mchana alipata nafasi ya kujiendeleza jioni. Kwa nje chama kilionekana kama mahali pa mazungumzo na michezo tu. Lakini kwa mara ya kwanza katika nchi ile, Waafrika wa makabila na dini mbalimbali walikaa meza moja wakaandika mashauri yao kwa jina la Waafrika wote. Mwaka 1929 Chama cha Waafrika kilipoanzishwa Dar es Salaam, baadhi ya watu wake wa kwanza walikuwa wamefundishwa kazi ya mikutano katika chama kile cha kwanza.

Katika miaka ile ile Kayamba akafanywa karani mkuu wa ofisi ya wilaya ya Tanga, na makarani wa chini yake walikuwa Waafrika. Jambo hili lilikuwa geni. Wako waliongoja ofisi ile ianguke: barua zipotee, kodi ihesabiwe vibaya, majalada yachanganyike. Ofisi haikuanguka. Barua zilijibiwa, na hesabu zilitimia. Kila jalada lililopangwa vema katika ofisi ile lilikuwa jibu kwa wale waliosema kwamba Mwafrika hawezi, nalo lilikuwa jibu zuri kupita maneno mengi.

6. Shule za namna tatu

Sasa yafaa kueleza jinsi shule za Tanganyika zilivyokuwa wakati ule, ili msomaji afahamu jambo lililomtia Kayamba katika fikira.

Waingereza waliweka Idara ya Elimu mwaka 1920. Lakini shule za nchi hazikuwa za watoto wote pamoja. Ziligawanyika kwa rangi na asili ya watu, kama ofisi zilivyogawanyika. Palikuwa na shule za watoto wa Kizungu, na shule za watoto wa Kihindi, na shule za watoto wa Kiafrika. Kila namna ilikuwa na walimu wake, na vitabu vyake, na mafungu yake ya fedha. Watoto Wazungu walikuwa wachache mno, na Waafrika walikuwa wengi mno. Lakini fedha iliyotumiwa kwa mtoto mmoja wa Kizungu ilipita kwa mbali fedha iliyotumiwa kwa mtoto mmoja wa Kiafrika. Na mzee wa Handeni aliyelima mtama wake katika nchi ya mvua haba alilipa kodi ya nyumba kama wengine, ingawa karibu naye hapakuwa na shule ya kumpeleka mtoto wake, isipokuwa ile ndogo iliyojengwa na misioni kwa miti na udongo.

Mtoto Mwafrika aliyebahatika kuingia shuleni alisoma miaka michache. Wengi walikoma katika darasa la 4. Wachache waliendelea mbele, na walio wachache zaidi wakafika shule kubwa kama ile ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925. Shule za miji mingi na vijiji vingi zilikuwa mikononi mwa misioni, na misioni hazikuwa na fedha.

Mwaka 1924 walikuja Afrika ya Mashariki watu wa baraza la Phelps-Stokes kutoka Marekani, kuzitazama shule na kutoa mashauri. Kati yao alikuwamo Mwafrika mmoja, Daktari James Aggrey, aliyezaliwa katika nchi ambayo sasa ni Ghana na kusoma sana Marekani. Huyu alipenda kufananisha watu weusi na weupe na vibao vya piano: kibao cheusi peke yake chatoa sauti, na kibao cheupe vilevile, lakini wimbo kamili wahitaji vyote viwili. Watu waliomwona walistaajabu, maana hawakuzoea kumwona mtu mweusi akija pamoja na wakaguzi wa shule, naye mwenyewe akiwa mkaguzi. Baada ya safari ile Serikali na misioni zilifanya mkutano Dar es Salaam mwaka 1925, zikapatana kwamba Serikali itazisaidia kwa fedha shule za misioni zilizo nzuri.

Lilikuwa jema, lakini ukuta wa kati haukuondolewa. Shule za Waafrika zilisaidiwa zikiwa shule za Waafrika. Na wengine kati ya wakubwa walishauri kwamba elimu ya Mwafrika iwe ya namna yake, ya jembe na ya mikono, isizidi hapo. Jembe halina aibu. Kila mtu ala kwa jembe. Lakini mtoto akipewa jembe peke yake, na mwenzake akapewa jembe na kitabu, hawatakuwa sawa watakapokuwa wazima.

Katika shauri hili Serikali ilimtia Kayamba katika kamati ya kuishauri juu ya elimu ya Waafrika. Fikirini hali yake. Aliketi pamoja na wakubwa wa Idara na wakuu wa misioni, nao wakazungumza juu ya watoto Waafrika, yeye akiwa mtu ambaye alikuwa mtoto Mwafrika. Walio wengi mezani walijua shule ile kwa taarifa. Yeye aliijua kwa kukaa ndani yake. Alikuwa mwana wa baba aliyesoma Uingereza, tena karani mkuu aliyeendesha ofisi ya wilaya. Hata kama asingenena neno, kuwapo kwake tu kulikuwa hoja.

7. Safari ya London, mwaka 1931

Katika miaka ile palikuwa na shauri kubwa la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika ziwe chini ya utawala mmoja. Walowezi wa Kizungu wa Kenya walikuwa na nguvu katika baraza la nchi yao, na wengi wao walitaka nguvu ile ienee. Waafrika wa Tanganyika waliogopa. Nchi yao haikuwa koloni. Waingereza waliitunza kwa amana ya Shirika la Mataifa. Ikiwa ingeunganishwa na Kenya, nani angeamua juu ya ardhi, na kazi, na kodi? Na nani angeamua fedha ya shule iende kwa mtoto yupi?

Bunge la Uingereza likaweka kamati ya kulichungua shauri hilo, na mwaka 1931 kamati ikawaita mashahidi Waafrika waje London wenyewe. Kutoka Kenya walikwenda watu watatu, nao walikuwa Chifu Koinange, James Mutua na Ezekiel Apindi. Kutoka Uganda alikuwamo Serwano Kulubya. Kutoka Tanganyika walichaguliwa watatu: Chifu Makwaia wa Usukuma, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba wa Tanga. Chifu Makwaia alisimama kwa watawala, Lwamugira kwa watu wa kazi ya mabaraza ya wenyeji, na Kayamba kwa Waafrika waliosoma na kufanya kazi mijini.

Wakaenda kwa meli, wakafika katika mji ule mkubwa. Wakaingia katika jumba la Bunge, wakaketi mbele ya mabwana wa Kiingereza, wakaulizwa maswali mengi. Kayamba alijibu kwa Kiingereza, bila mkalimani. Yeye na wenzake walieleza wazi kwamba watu wao hawakutaka nchi iunganishwe na Kenya, wakatoa sababu zao kwa utaratibu na kwa adabu. Hawakupiga kelele, wala hawakujikunyata. Kamati ilipotoa taarifa yake mwaka ule ule, ilisema kwamba wakati wa kuziunganisha nchi hizo haujafika. Sababu za neno hilo zilikuwa nyingi, na ukosefu wa fedha duniani ulikuwa mmojawapo. Lakini ushuhuda wa Waafrika ulisikiwa, nao uliandikwa.

Alipokuwa Uingereza Kayamba alitazama kila kitu: shule, viwanda, njia za chini ya ardhi, mashamba, na jinsi watu maskini wa nchi ile walivyoishi. Aliporudi aliandika kitabu kwa Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza, kilichotolewa mwaka 1932. Kitabu hiki kilisomwa na watu ambao hawakupata kuona bahari, sembuse London. Mwafrika alikuwa amekwenda kuwatazama Wazungu kwao, akarudi kuwaeleza watu wake kwa lugha yao.

8. Miaka ya mwisho

Mwaka 1932 Kayamba aliitwa Dar es Salaam, akapewa kazi katika ofisi kuu ya Serikali. Hapakuwa na Mwafrika wa Tanganyika aliyekuwa na cheo cha juu kupita chake katika ofisi zile. Mfalme wa Uingereza akampa nishani ya M.B.E. Mwaka 1936 habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe, zikatolewa London pamoja na habari za Waafrika wengine tisa katika kitabu kimoja kilichopangwa na Margery Perham.

Lakini cheo kikubwa kina upweke wake. Wako Waafrika waliomwona kuwa karibu mno na Serikali, na mpole mno katika kudai. Walisema kwamba mtu anayeomba mlango ufunguliwe hupita siku nyingi nje. Na ni kweli kwamba Kayamba hakuwa mtu wa kupigana. Aliamini kwamba kazi njema, elimu na maneno ya busara vitawashinda wale waliofunga mlango. Kwa upande mwingine, hata wakubwa waliomsifu hawakumfanya sawa na wao. Alipewa cheo kilichotengenezwa kwa ajili yake; lakini ngazi zile tatu zilibaki zimesimama, na nyuma yake hawakupandishwa wengi.

Alistaafu mwishoni mwa miaka ya 1930, wala hakuishi siku nyingi tena. Alipokufa alikuwa hajatimiza miaka 50. Vitabu vyake viwili vya Kiingereza, kimoja cha safari yake ya Ulaya na kimoja cha mashaka ya Waafrika, vilitolewa mwaka 1948, naye yumo kaburini.

9. Mlango ulipofunguliwa

Kayamba alikufa shule zikiwa bado za namna tatu. Miaka ikapita zaidi ya 20. Vita kuu ya pili ikaja ikaisha. Chama cha Waafrika kikakua, na mwaka 1954 kikazaa TANU. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye naye alipita katika shule ya Tabora na chuo cha Makerere, akaliongoza taifa mpaka uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka ule ule ikatungwa sheria mpya ya elimu, na tangu Januari 1962 ugawaji wa shule kwa rangi na asili ukakomeshwa. Mtoto Mwafrika, na mtoto Mhindi, na mtoto Mzungu wakaruhusiwa kuingia katika mlango mmoja, kusoma masomo ya namna moja, na kufanya mtihani mmoja.

Sheria ilifungua mlango kwa siku moja. Kuujaza mlango ule kulihitaji miaka mingi ya kujenga madarasa na kufundisha walimu, na katika kazi hiyo Korogwe ilipata sehemu yake, maana chuo cha ualimu kilijengwa huko, si mbali na Kilole ya Mwelekwanyuma. Walimu waliotoka humo walikwenda Handeni, Lushoto, Pangani na nchi nyingine za mbali, hata vijiji ambavyo zamani havikuwa na ubao wala chaki.

Basi watoto wanaosoma habari hizi na wakumbuke mambo haya. Hugh Peter alikaa benchi moja na watoto wa Waingereza, ikaonekana kwamba akili ya Mwafrika haikupungua. Mwanawe Martin aliitia akili ile katika kazi, katika ofisi na mbele ya Bunge, ikaonekana tena. Watu wawili hao hawakuweza kuufungua mlango. Lakini baada yao haikuwa rahisi kwa mtu yeyote kusema kwamba umefungwa kwa haki. Wale waliokuja nyuma walipousukuma, walikuta komeo limekwisha kulegea.

Na benchi akaliayo mtoto wa Handeni au Korogwe leo, karibu na mwenzake wa kabila lingine na dini nyingine, si kitu kilichokuwapo tangu zamani. Lilitafutwa. Asiyelitumia vema humpunguzia Martin Kayamba ujira wa kazi yake.

Maswali

1. Kilole ni mahali gani, na nani alitawala huko zamani?
2. Kwa nini ilikuwa jambo kubwa kwamba Hugh Peter alisoma Uingereza?
3. Eleza ngazi tatu za ofisi na namna tatu za shule. Zilifanana vipi?
4. Ni nani waliokwenda London kutoka Tanganyika mwaka 1931, nao walitaka nini?
5. Wengine walisema Kayamba alikuwa mpole mno. Wewe wafikiri nini? Toa sababu.